Umeona kwa macho ama umeambiwa?

Julai 2022 vidole vyangu vilianza kufa ganzi. Mimi ni fundi wa nguo, nashona sare za shule kwenye kibanda huku Kariobangi, Nairobi, na mikono ndiyo mtaji wangu. Siku hiyo nilijaribu kutia uzi kwenye sindano mara nne, mara tano, uzi ukakataa. Moyo ulidunda kama wa mtu aliyepanda ngazi mbio, na mimi nimeketi tu. Nikafunga kibanda nikaenda zahanati. Presha ikapimwa, ikawa sawa. Muuguzi akaniuliza kama kuna jambo linalonisumbua, nikamwambia hakuna. Papo hapo gari la kampeni likapita nje na vipaza sauti vyake, nikajikuta nalia.

Akangoja nimalize. Kisha akauliza, "Uoga huu ulianza lini, dada?"

Nilijua vizuri sana ulianza lini. Nilikuwa na miaka 13, tunaishi Huruma, matokeo ya urais yalipotangazwa jioni ya tarehe 30 Desemba 2007. Baba alisukuma kabati la nguo hadi likaziba mlango, tukalala sakafuni, chini ya usawa wa dirisha. Harufu ya matairi yanayoungua bado naijua hata usingizini. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika ghasia za majuma yale, na laki kadhaa wakahama makwao. Lakini mtoto hajui hesabu hizo. Mtoto anajua kabati. Tangu hapo, kila uchaguzi ukikaribia, mwili wangu hujiandaa kabla mimi mwenyewe sijajua unajiandaa. Mwaka wa 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba na tukaambiwa tutarudi debeni Oktoba, wengine walishangilia, wengine walinuna, mimi nilihesabu usiku ambao sitalala.

Muuguzi alinifundisha kupumua: vuta pumzi polepole, itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, rudia hadi mabega yashuke. Linaonekana dogo, lakini hadi leo nalifanya nikiwa kwenye cherehani. Akaniambia pia kwamba Msalaba Mwekundu wana nambari ya bure, 1199, ya kuzungumza na mshauri. Nilipiga mara mbili na sioni aibu kusema.

Simu ilikuwa vita vingine. Nilikuwa katika vikundi sita vya WhatsApp, na kila usiku sauti zinatumwa: watu wameonekana wakivuka mto, lori limeshusha mapanga, hameni. Hakuna aliyejua nani alirekodi. Nikatoka katika vikundi vitano. Nikaanza kuacha simu ya intaneti kibandani, nyumbani narudi na kabambe, simu ndogo isiyo na intaneti. Habari nikasikiliza mara mbili tu, redio ya saa saba mchana na taarifa ya saa moja jioni. Wiki ya kwanza niliona kama nimewaacha watoto wangu bila mlinzi. Wiki ya pili nikalala.

Aliyenisaidia kuliko wote ni shosho, bibi mzee wa mlango unaotazamana na wangu. Kabila letu si moja, na kura zetu, nadhani, hazijawahi kukutana. Jioni moja nilimkimbilia na habari ya lori, nahema. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye uteo, hata hakuinua kichwa.

"Umeona kwa macho ama umeambiwa?"

"Nimeambiwa, shosho."

"Na aliyekuambia aliona?"

Sikuwa na jibu. Akanisogezea kigoda, akanipa maharagwe ya upande wangu. Tulipomaliza tukaweka makubaliano: yeyote kati yetu akisikia jambo la kutisha, kabla ya kumwambia mtu mwingine, abishe mlango wa mwenzake.

Kisha ikaja kazi ya ukarani wa uchaguzi. Nilikuwa nimeiomba kwa ajili ya karo, na nilipoitwa nilitaka kukataa. Nashukuru sikukataa. Usiku wa tarehe 9 Agosti, katika darasa la shule ya msingi, tulianza na kura za rais. Msimamizi wa kituo aliinua karatasi mojamoja, akasoma jina, akawageuzia mawakala waone, kisha akaiweka kwenye fungu lake. Mawakala wa vyama vilivyotukanana miezi yote waliazimana kalamu na kugawana mkate. Fomu 34A, ile ya matokeo ya rais ya kituo, ikajazwa, wakatia sahihi, nakala moja ikabandikwa mlangoni. Baadaye niliitafuta fomu hiyo kwenye tovuti ya tume ya uchaguzi nikakuta tarakimu zilezile nilizozisikia zikisomwa. Vituo vilikuwa zaidi ya 46,000, siwezi kuapa kwa vyote. Kimoja nilikiona kwa macho. Zile siku sita za kungoja matokeo, Nairobi ikiwa kimya na maduka yamefungwa, nilishona.

Sijapona kabisa. Tarehe 25 Juni 2024 ndugu yangu mdogo alienda mjini kuandamana dhidi ya Mswada wa Fedha. Nilimsihi, akasema, "Dada, na mimi nina sauti." Alasiri redio ikasema waandamanaji wameingia bungeni na risasi zinasikika. Nikapiga simu yake, haipatikani. Vidole vikaanza tena. Nikapumua kama nilivyofundishwa, nikafua blanketi zilizokuwa safi, nikapiga tena.

Saa tatu usiku mlango ukabishwa. Niliufungua mikono ikitetemeka, nikamkuta shosho na birika la chai.

"Nimesikia kijana hajarudi," akasema. "Nimekuja tungoje pamoja."

Hakuniambia nisijali. Alikaa pale, akanimiminia kikombe, akanisimulia alivyowahi kumngoja mumewe usiku kucha zamani, akiwa msichana wa juzi kuolewa. Saa tano kasoro ndugu yangu akaingia, macho mekundu ya vitoza machozi, kiatu kimoja hana. Shosho akamtazama juu hadi chini, akampa kikombe chake mwenyewe.