Nilivyopanga hadithi ya mapenzi kwa kalenda ya mahakama

Katika hadithi nyingi za urithi, binti hukabidhiwa shamba sura ya kwanza, na ya pili keshaliuza. Kenya haiendi hivyo. Ucheleweshaji wa sheria ndio ulionipa hadithi: binti, karani wa Nakuru, anaachiwa ekari nne huko Lugari na shangazi waliyekuwa hawajaonana miaka mingi.

Kwanza ilibidi pawe na wasia. Shangazi asiye na mume wala mtoto akifa bila wasia, mali huenda kwa wazazi, na kama hawapo, ndugu hugawana. Binti angeambulia kipande. Wasia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili hukubalika, ila mwenye kuutoa asipofariki ndani ya miezi 3 hauna nguvu tena. Nilichukua wa maandishi, ambao nao unataka mashahidi wawili. Usimfanye mrithi kuwa mmoja wao: zawadi yake hubatilika, isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili zaidi yake. Wasomaji mawakili hawasamehi hilo.

Halafu kalenda. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, watu wapewe siku 30 za kupinga. Hati ya usimamizi wa mirathi ikitoka, huwa ni miezi 6 hadi ithibitishwe, na kabla ya hapo ardhi haiuzwi. Basi nikamleta mnunuzi kutoka Eldoret na pesa mkononi. Binti anataka kuuza anunue nyumba Nakuru, sheria inamkatalia. Sikuhitaji mafuriko wala mguu uliovunjika kumbakiza kijijini. Hati niliitoa Aprili, mahindi yakiwa yameshapandwa. Miezi 6 inaishia Oktoba, mavunoni.

Kijana nilimpa mashine ya kupukuchua mahindi (daktari anayerudi kijijini nimemchoka). Wanakaribiana kazini: chupa ya kioo iliyokauka, mahindi theluthi moja, vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa vizuri, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15, na mahindi hayo yakifungwa kwenye magunia yataota ukungu. Inaganda. "Senge yako angeyaanika tena," kijana anasema, akimtaja shangazi kwa Kiluhya. Turubai linatandikwa upya, na gari la Nakuru linamwacha.

Kinachombadilisha hasa si kijana. Ni mtoto ambaye shangazi alimlea kama wake. Sheria inamhesabu kuwa mtegemezi, na anaweza kuiomba mahakama fungu lake, mradi ombi liingie kabla hati haijathibitishwa. Kwa hiyo binti akinyamaza hadi Oktoba ipite, shamba lote ni lake. Uzito wa kitabu niliuweka hapo. Busu lingeweza kungoja. Anaamua kumegea mtoto ekari mbili, na sasa anahitaji kibali cha bodi ya ardhi, kwa sababu urithi unaokata shamba vipande hauponyoki bodi, tofauti na ule unaoliacha zima.

Jamaa wanaonong'ona kwamba kijana anaoa shamba nimewajibu kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013: alichorithi mtu kabla ya kuolewa hakiwi mali ya ndoa. Ila mwenzake akichangia kukiendeleza, hupata haki kwa kiasi cha mchango wake. Ndiyo maana ile mashine niliiacha ikae kwa mamake kijana.