Pale Ambapo Babu Hakutundika Mizinga

Mwishoni mwa Oktoba 2008 simu ya satelaiti iliita kambini usiku, na Mkuu, kiongozi wetu, akatoka nayo nje kwa sababu ndani ya hema haikushika. Aliporudi hakuzunguka maneno. Shaba, ambayo mwezi Julai ilikaribia dola 9,000 za Marekani kwa tani, ilikuwa imeporomoka, na wenye kampuni hawakutaka tena kusikia habari za kutafuta madini mapya popote pale. Mtambo wa kuchoronga, yaani wa kutoboa mwamba kutafuta sampuli, ulitakiwa kurudi Mpanda mjini kabla mbuga hazijalowa. Dizeli iliyobaki ilitosha shimo moja.

"Tulichague vizuri," akasema, akaenda kulala.

Kambi yetu ilikuwa magharibi mwa Mpanda, kwenye vilima vya miombo vinavyoelekea Ziwa Tanganyika. Siku hizo Mpanda ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulianzishwa 2012. Kutoka kambini hadi mjini uliondoka alfajiri na kufika jua likizama, mbung'o wakikung'ata juu ya shati njia nzima. Sampuli zetu zilipanda treni hadi Tabora, zikaendelea mpaka maabara ya Mwanza, na majibu tuliyasubiri kwa wiki kadhaa. Reli yenyewe ya Mpanda ililetwa na madini. Ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa Uruwira wa madini ya risasi, na mbale yake, yaani mawe yenye madini, ilikuwa na shaba, fedha na dhahabu ndani. Kwa hiyo hatukuwa watu wa kwanza kuamini kwamba vilima vile vina kitu.

Ilikuwa kazi yangu ya kwanza baada ya chuo, nami nilikuwa nimeipenda ile ardhi kupita kiasi. Miamba ya ukanda wa Ubendi ina umri unaokaribia miaka bilioni mbili. Imekunjwa, imepikwa chini kabisa ya ardhi, ikapanda juu, ikapasuka, na nyufa zilezile zikafunguka tena na tena kila ardhi ilipotikisika. Kila kitu kule kinalala kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki: vilima, makorongo, mistari ndani ya jiwe unaloshika mkononi, hata bonde la Ziwa Rukwa. Ndani ya nyufa za namna hiyo hupita maji ya moto kutoka chini, na yanapopoa huacha kwatzi, ambayo ni jiwe gumu jeupe, kaboneti, ambayo ni madini ya jamii ya chokaa, na kalkopairiti, yaani madini ya njano yenye shaba, chuma na salfa. Hayo ndiyo tuliyokuwa tukiyasaka.

Na dalili tulikuwa nayo, tena ya kupendeza macho. Kwenye ukingo wa korongo moja palikuwa na ukuta wa mwamba uliojaa malakaiti, madini ya shaba yenye kijani ambacho huwezi kukichanganya na jani lolote. Watafutaji wa enzi ya mkoloni nao walikiona: mahandaki yao yalikuwa bado yapo, yamejaa majani makavu. Mashimo yetu yote ya msimu ule tuliyachoronga pale. Kila mara ilikuwa habari ileile: kijani mita chache za juu, kisha mwamba mkavu, mweusi-mweusi, wenye vinyuzi vyeupe vya kalsaiti, madini ya chokaa, bila hata punje ya njano.

Aliyetuongoza porini alikuwa mzee wa Kibende, mrina asali, ambaye kambi nzima tulimwita Babu. Alikuwa na mizinga ya magome vilima vyote vile na alijua kila njia ya tembo. Siku moja, tukiwa tumekaa kivulini pale korongoni, aliniuliza tunajuaje kwamba ule ukijani ni shaba kweli na si ukungu wa mawe. Nikasaga kipande cha malakaiti juu ya jiwe bapa, nikadondoshea matone ya asidi tuliyokuwa tukitembea nayo, unga ukachemka kwa povu. Nikachukua msumari mpya wa chuma, nikausugua kwenye ule uji wa kijani na kumpa. Ncha yake ilikuwa imevaa shaba nyekundu, inang'aa. Asidi inaitoa shaba kwenye jiwe, chuma cha msumari kinayeyuka kidogo, na shaba inakaa mahali pake. Babu aliugeuzageuza ule msumari muda mrefu, akaufunga kwenye kona ya shuka lake. Hakusema kitu siku hiyo.

Asubuhi iliyofuata ile simu nilimkuta karibu na jiko, nikamwamkia.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia mnaondoka."

Nikamweleza kuhusu shimo moja lililobaki. Akanyamaza, akachochea moto, kisha akasema, "Kuna mahali juu ya korongo lenu situndiki mzinga. Baba yangu naye hakutundika. Miti inaishia magotini, na hapo hapajalimwa wala kukatwa. Nilidhani ardhi imechoka. Lakini tangu ule msumari wako nawaza, labda ardhi inakula dawa."

Tuliondoka wote watatu, Babu mbele, Mkuu nyuma yangu akihema, maana mlima ulikuwa mkali na yeye alikuwa mtu wa makamo. Mahali penyewe palikuwa kwenye shingo kati ya vilima viwili, juu kabisa ya lile korongo la kijani. Miombo iliishia ghafla, kama imeamriwa. Katikati palikuwa na majani mafupi na vijiti vilivyodumaa, na katika uwazi wote ule, ulionyooka kaskazini-magharibi, hapakuwa na kijani cha jiwe hata kidogo. Mchanga ulikuwa mwekundu tu. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kusimama pale na nyundo.

Nilichookota kwanza ni kipande cha kwatzi kizito, chenye rangi ya kutu na matundu mengi yaliyotenganishwa na kuta nyembamba. Nikampa Babu. Akakitazama akasema ni sega lililokwisha kunyonywa. Sijasikia mjiolojia akikieleza vizuri zaidi. Kila tundu ni nyumba ya punje ya salfaidi, yaani madini ya metali na salfa, iliyokuwamo zamani, ikaliwa na maji ya mvua, na kuta ni chuma kilichobaki kama kutu baada ya vingine vyote kuondoka.

Pale ndipo mambo yalipokaa sawa kichwani mwangu, na ningependa kuyaeleza taratibu kwa sababu hata leo naona watu wakikimbilia kijani peke yake. Mvua inaposhuka kwenye mshipa, yaani ufa uliojaa madini, wenye kalkopairiti na pairiti, ambayo ni chuma na salfa tu, hewa iliyomo ndani ya maji inaiozesha salfaidi na kutengeneza asidi ya salfuriki. Asidi ile inayeyusha shaba na kuibeba. Sehemu ya maji hushuka wima mpaka kufikia usawa wa maji ya ardhini ambako hakuna hewa, na huko shaba huganda upya juu ya punje zilizobaki, ikafanya kalkosaiti, madini ya kijivu ambayo karibu asilimia 80 ya uzito wake ni shaba. Kalkopairiti ina kama asilimia 34 tu. Sehemu nyingine ya maji huteremka pembeni na mteremko. Yakikutana na mwamba wenye kalsaiti asidi inapoa, na shaba inatua palepale kama malakaiti. Ukuta wetu wa kijani ulikuwa shaba iliyohama. Kwao ilikuwa huku juu, chini ya uwazi usio na rangi yoyote ya kuvutia, ambako kiasi kilichobaki kwenye udongo kilitosha kuunyima mti mizizi.

Mkuu hakukubali haraka, na alikuwa na haki. Yeye alikulia kwenye dhahabu ya Kanda ya Ziwa na alishaona vijana wengi wakipenda mawe yenye kutu. "Kutu ni kutu," aliniambia. "Pairiti tupu nayo inaacha matundu. Nionyeshe shaba." Akataka vichuguu. Mchwa huchimba chini sana kutafuta unyevu na udongo wa kujengea, na wanaleta juu punje ambazo jembe lako halizifikii. Vilikuwepo vichuguu kuuzunguka uwazi wote. Tulichukua udongo kwenye ubavu wa kila kimoja, tukauchekecha mpaka ukabaki ule laini kabisa, na kwa kuwa hapakuwa na muda wa Mwanza tukaupima kwa kifaa cha mkononi kinachosoma metali kwa miale ya eksirei. Vichuguu vya mbali vilitoa shaba ya kawaida ya udongo wa kule. Vile vilivyopangana kwenye mstari wa uwazi vilitoa zaidi ya mara kumi yake. Mkuu aliirudia ile ya katikati mwenyewe, mara mbili, akafuta kifaa kwa shati, akairudia tena.

"Haya," akasema. "Leta mtambo."

Kuupandisha mtambo hadi shingoni kulichukua muda mrefu kuliko kuchoronga kwenyewe. Vijana walifyeka njia ya kuzunguka mlima kwa mapanga, wakipita mbali na miti yenye mizinga kwa sababu Babu alishatembea mbele na kuifunga vitambaa. Boza la maji lilikwama mara kwa mara. Tuliuweka mtambo upande wa kaskazini-mashariki, ukaelekezwa kusini-magharibi kwa nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, maana mistari ya miamba ilionyesha kwamba mshipa unalalia upande tuliosimama na tulitaka kuukata kwa kina.

Juu ilikuwa udongo mwekundu, kisha mwamba uliooza kuwa njano na laini kiasi cha kukatwa kwa kisu. Tulitumia biti ya kutoa kori, yaani mche wa mwamba, ya kipenyo cha milimita 63.5, na hata hivyo vipande vilitoka vimemomonyoka. Halafu ikaja kwatzi ya kutu, matundu yaleyale, na kifaa kikasoma shaba kidogo sana. Mkuu alinitazama, sikumtazama. Chini zaidi maji tuliyokuwa tukiyasukuma shimoni yakaacha kurudi juu. Yalikuwa yanamezwa na nyufa, na mchorongaji, mtu wa Shinyanga asiye na maneno mengi, akapunguza kasi na kuongeza unga wa kuziba, huku mawingu yakijikusanya upande wa ziwa.

Yalipoanza kurudi yalikuwa meusi.

Mchorongaji akazima injini bila kuulizwa. Wakavuta bomba la ndani kwa waya, wakalilaza, wakaligonga taratibu kwa nyundo ya mpira, na kori ikateleza kwenye trei. Ilikuwa kwatzi nyeupe iliyokatwakatwa na vishipa vya kijivu cheusi, na nilipoishika unga mweusi ulibaki vidoleni. Niliikwaruza kwa kisu. Haikuvunjika kama pairiti, ilichongeka, ikaacha mfereji unaong'aa kama chuma. Kalkosaiti. Ndani yake bado ulionekana moyo wa punje za pairiti za asili, njano iliyopauka, ikiwa imefunikwa na shaba iliyoshuka kutoka juu. Kitu nilichokuwa nimekichora kwenye daftari chuoni nikakiona kimelala kwenye trei, kina maji, kinanuka kiberiti kidogo. Nililia, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Trei zilizofuata ziliendelea hivyo, nyeusi ikipungua polepole na njano safi ya kalkopairiti ikishika nafasi yake pamoja na kaboneti nyeupe na vipande vyenye rangi ya zambarau na bluu vya bonaiti, nayo ni madini ya shaba. Mkuu alikaa chini kando ya masanduku na kuandika kila sentimita kwa mkono wake. Babu alikuja jioni. Nilimwonyesha ile nyeusi, nikamwambia ndiyo dawa aliyoisema. Akaninyooshea ule msumari wake, bado aliutunza, akataka kujua kama hii nayo itauvika. Nikamweleza kwamba hii ni ngumu zaidi kwa asidi yetu, inataka kali kuliko ile. Alisikitika kidogo. Kisha akauliza swali ambalo Mkuu ndiye alilijibu, kwa heshima yote: kama mgodi utakuja, maji ya korongo yatakuwaje? Mkuu alimwambia kweli. Alimwambia kwamba kinachotokea taratibu mle ardhini kwa mvua kitatokea haraka ukilirundika jiwe lile juani, na kwamba mgodi wowote wa haki lazima uyazuie maji hayo kabla hayajafika korongoni, la sivyo nyuki na watu watakunywa asidi. Babu akasema hilo liandikwe. Likaandikwa kwenye ripoti, nimeliona.

Mvua ya kwanza ilitukuta tukiwa bado tunashusha rodi, mabomba ya kuchorongea. Tulisimama rodi zilipoisha, mshipa ukiwa bado haujakatika, tukafunga masanduku usiku kucha na kutoka kwa shida.

Desemba ile shaba ilishuka chini ya dola 3,000 kwa tani. Kampuni ikaachia leseni, na ripoti zikakabidhiwa serikalini kama sheria inavyotaka. Mwaka 2011 bei ilivuka dola 10,000, nami wakati huo nilikuwa kazi nyingine, nchi nyingine. Majibu ya maabara yalikuwa mazuri, ila shimo moja haliwezi kukwambia ukubwa wa kitu, na yeyote anayekuuzia mgodi kwa shimo moja mkimbie.

Shimo la pili najua ningeliweka wapi. Upande uleule wa kaskazini-mashariki, mita 100 kufuata uwazi kuelekea kaskazini-magharibi, mtambo urudishwe nyuma zaidi ili kori iukate mshipa chini ya ile nyeusi, kwenye njano yenyewe, na rodi ziwe za kutosha kutoka upande wa pili. Kabla ya hapo ningepitia kwa wanawe Babu, wanaoirina ile mizinga sasa, wanionyeshe njia ya kupandishia mtambo.