Uhaba wa nyumba usio na foleni

Niliwahi kujitolea kukusanya taarifa za mahitaji ya makazi katika eneo la vijijini, nikiwa na fomu mkononi ambayo, kwa heshima zote kwa walioitunga, ilikuwa imeandikwa na watu walioizoea nyumba ya mjini. Swali lake la kwanza lilitaka kujua kaya inalipa kodi ya pango kiasi gani kwa mwezi, nami nyumba baada ya nyumba nikawa naandika sifuri, kwa kuwa wengi wa niliowahoji waliishi katika nyumba zao wenyewe au za wazazi wao. Kwa hesabu ya fomu ile, eneo lile halikuwa na tatizo lolote la gharama za makazi.

Kilichonifumbua macho ni godoro. Lilikuwa limesimamishwa ukutani nyuma ya mlango wa sebule, limefunikwa shuka, na nilipouliza, mama mwenye nyumba alicheka kidogo akasema ni la mwanawe na mkewe, ambao hulilaza sakafuni usiku wageni wakishaondoka na kuliinua alfajiri kabla wazee hawajaamka. Walikuwa na mwaka wa tatu katika ndoa. Fomu yangu iliwajumuisha wote katika kaya moja, yenye nyumba yake, isiyodaiwa kodi na mtu.

Tangu siku hiyo nimekuwa na msimamo mmoja kuhusu suala hili: vijijini uhaba wa nyumba hauonekani kwa sababu hauna foleni. Mjini uhaba hujitangaza wenyewe, kwa kuwa kodi hupanda na watu kumi hufika kukagua chumba kimoja. Kijijini asiyepata nyumba hubanana na ndugu au huondoka. Aliyebanana hahesabiwi kwa sababu ana paa, na aliyeondoka hahesabiwi kwa sababu hayupo.

Kipimo tunachokitumia nacho kinachangia upofu huo. Karibu kila ripoti husema kwamba nyumba inamudika ikiwa haimli mtu zaidi ya asilimia 30 ya kipato chake. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1969 iliweka ukomo wa asilimia 25 kwa kodi ya wapangaji wa nyumba za umma, na mwaka 1981 ukomo huo ukapandishwa hadi asilimia 30 ndani ya sheria ya bajeti. Leo namba hiyo inanukuliwa kana kwamba ilipatikana maabara, ilhali ulikuwa uamuzi wa wabunge waliotaka kupunguza matumizi ya serikali.

Hata tukiikubali, kwa mkulima au kibarua wa msimu ni asilimia 30 ya kipi? Kipato chake huja kwa mkupuo wakati wa mavuno kisha hukatika kwa miezi, wakati marejesho ya mkopo wa nyumba hudaiwa kila mwisho wa mwezi bila kujali mvua imenyesha au la. Isitoshe, nyumba ya kijijini yenye bei ndogo mara nyingi huwa mbali na kazi, shule na zahanati, na kile mtu alichookoa kwenye kodi hukiacha kwenye nauli na mafuta. Ndiyo maana wapo watafiti wa Marekani wanaojumlisha makazi na usafiri na kuweka ukomo wa pamoja wa asilimia 45. Kwangu hicho ni kipimo cha haki zaidi, ingawa nacho hakimwoni yule anayelala sebuleni.

Kuna dhana nyingine inayonikera kidogo, kwamba kijijini kujenga ni rahisi kwa kuwa ardhi ni ya bei nafuu. Ardhi ni sehemu tu ya gharama. Saruji, nondo na mabati husafirishwa mbali, mara nyingi kwenye barabara ambayo lori hukubali kupita wakati wa kiangazi tu, na fundi anayejenga nyumba moja moja hawezi kununua vifaa kwa bei ya jumla kama kampuni inayojenga nyumba 200 mahali pamoja. Tatizo la ajabu zaidi huja baadaye: nyumba ikishakamilika, thamani yake sokoni inaweza kuwa ndogo kuliko fedha zilizotumika kuijenga, kwa kuwa wanunuzi ni wachache. Benki hukopesha kwa kuangalia thamani ya soko, kwa hiyo hata mwenye kipato kizuri huambiwa nyumba yake haitoshi kuwa dhamana ya mkopo alioomba. Na pale ambapo ardhi haina hati, mazungumzo na benki huishia mlangoni.

Matokeo yake ni kwamba watu hujenga kwa fedha taslimu, kidogo kidogo. Mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, kisha husubiri hadi wapate fedha za kupaua. Wataalamu huwa na haraka ya kuziita nyumba hizi duni, ilhali nyingi ni nyumba ambazo hazijamalizika, na tofauti hiyo ni kubwa. Nyumba duni humhitaji mtu wa kuibadilisha, ila isiyomalizika humhitaji mtu wa kukopesha fedha za hatua moja, tuseme paa tu, kwa marejesho yanayofuata msimu wa mavuno. Mpango wa makazi vijijini ulioanzishwa India mwaka 2016 umelielewa hili kwa kiasi fulani: ruzuku hutolewa kwa awamu kadiri ujenzi unavyopanda na picha za kila hatua kuwasilishwa, nyumba haipaswi kuwa chini ya meta za mraba 25 pamoja na sehemu ya kupikia, na orodha ya wanufaika huthibitishwa na mkutano wa kijiji. Napenda hasa hilo la mwisho, maana mkutano wa kijiji unajua nani analala wapi.

Kwa upande mwingine zipo nchi ambazo vijiji vyake vina nyumba tele na bado watu hawana pa kuishi. Hesabu ya Japani ya mwaka 2023 ilikuta nyumba tupu takribani milioni 9, karibu asilimia 14 ya nyumba zote nchini, nyingine zikiwa za warithi waliohamia mijini kitambo, wasiotaka kuziuza wala kuzikarabati. Uingereza shida imegeuka: katika maeneo yenye mandhari nzuri, nyumba hununuliwa na watu wanaozitumia wiki chache kwa mwaka. Wakazi wa St Ives, mji mdogo wa pwani huko Cornwall, walipiga kura mwaka 2016, na zaidi ya asilimia 80 wakaunga mkono kwamba nyumba mpya ziwe za wakazi wa kudumu tu. Marufuku hiyo haikugusa nyumba zilizokuwapo, kwa hiyo mnunuzi wa likizo alibaki na mtaa mzima wa zamani wa kuchagua. Wales ilipitia njia ya mfuko, na tangu Aprili 2023 halmashauri zake zinaruhusiwa kuongeza hadi asilimia 300 juu ya kodi ya kawaida ya halmashauri kwa nyumba za pili.

Mfano unaonivutia kuliko yote ni wa kisiwa cha Eigg huko Uskoti. Mwaka 1997 wakazi, ambao wakati huo walikuwa takribani 65, walishirikiana na taasisi nyingine kukinunua kisiwa chote baada ya miaka mingi ya kuishi chini ya wamiliki ambao hawakuwapa mikataba ya uhakika. Aliyekuwa hana uhakika wa kubaki hakuwa na sababu ya kutengeneza paa. Leo idadi ya watu imevuka 100, na walioongezeka ni pamoja na vijana waliorudi, yaani wale wale ambao hesabu za awali zisingewaona.

Basi tuliporudi kuifanyia marekebisho fomu yetu, niliomba swali la kodi ya pango lihamishiwe mwisho, na mahali pake tuweke maswali matatu: ni watu wangapi hulala katika kila chumba, ni nani ameondoka kwa kukosa mahali pa kujenga au kupanga, na paa linavuja wapi. Hili la tatu liliingizwa kwa sababu ya wazee wanaoishi peke yao, ambao hawahitaji nyumba mpya hata kidogo bali mabati machache, reli ya kushikia chooni na mtu wa kuziba ufa, na ambao katika fomu ya kwanza walionekana kuwa na hali nzuri kuliko wote, kwa kuwa walikuwa na vyumba vitatu kwa mtu mmoja.

Nilirudi pia kwa yule mama mwenye godoro. Kwenye swali la pili aliniomba kalamu aandike mwenyewe, akaandika majina mawili, akafikiri, akaongeza la tatu, kisha akauliza kama nafasi ikiisha anaweza kuendelea nyuma ya karatasi.