Hatimaye vifaranga wa Nothobranchius wanaelea

Kundi jipya la Nothobranchius guentheri, samaki wadogo wa madimbwi yanayokauka ambao mayai yao husubiri mvua udongoni, limeanguliwa, na safari hii karibu wote wameinuka. Mliofuatilia kumbukumbu hizi mnajua watambaaji, yaani vifaranga wasioweza kuelea, walivyoninyima usingizi tangu masika.

Mambo ya kukausha mayai sirudii. Situmii piti, ile mboji ya kinamasi wanayohifadhia mayai wafugaji wengi, kwa sababu hapa Unguja hakuna anayeiuza na makumbi tunayo tele. Vumbi la makumbi lililochemshwa na kukamuliwa hadi lisichuruzike linahifadhi mayai vizuri kabisa, na kwa maoni yangu halina cha kuonea haya mbele ya piti ya kuagiza Ulaya.

Tatizo lilikuwa moja tu. Kifaranga anatoka kwenye yai akiwa mzima, macho maangavu, mkia unapiga, lakini hainuki. Anajisukuma kwa tumbo kwenye sakafu ya bakuli, na mkia ukitulia tu, anazama. Kibofu chake cha hewa hakijajaa. Samaki hawa wakishakua hujaza kibofu kwa gesi inayotoka kwenye damu, ila ule mjazo wa kwanza kabisa wanautafuta juu ya maji: kifaranga apande, ameze hewa, nayo ipite kwenye mrija mwembamba kutoka kwenye utumbo. Mrija huo haukawii kuziba. Akikosa nafasi hiyo, ndiyo basi tena, ni mtambaaji wa maisha. Kwenye dimbwi huyo hata siku hamalizi, ameshaliwa.

Nilifuata kila ushauri unaozunguka kwa wafugaji. Nilisubiri hadi pete ya dhahabu kwenye jicho ionekane wazi kupitia ganda la yai. Nililowesha mayai kwa maji baridi ili yaanguliwe. Nilipunguza kina hadi sentimita mbili, ili hata mnyonge afike juu. Watambaaji walipungua, lakini hawakuisha, na kilichoniuma zaidi ni kwamba walitoka kwenye kundi lilelile la mayai na wenzao wazima.

Jibu nimelipata kwa kuinamisha taa. Mwanga ukipita ubavuni mwa bakuli, juu ya maji panaonekana utando mwembamba wenye rangirangi. Makumbi yakilowa yanaachia uchafu wake, na sehemu yake inakaa juu. Watotoleshaji wa Sparus aurata, samaki wa baharini anayefugwa kule Mediterania, wanaujua utando wa mafuta miaka mingi. Matangi yao yana vifaa vya kuuondoa, kwa sababu kifaranga wa milimita chache hana nguvu ya kuutoboa. Mimi nimelaza tishu juu ya maji, nikaivuta taratibu hadi ukingoni, nikarudia kwa tishu nyingine mpaka zile rangi zikatoweka. Asubuhi, kwenye lenzi, kila kifaranga alikuwa na kipovu cheupe kama fedha juu ya utumbo. Nilipiga kelele nyumba nzima ikaamka!

Lenzi, naam. Acheni kuhangaika na hadubini za kuchomeka kwenye kompyuta. Zinachelewesha picha, na kifaranga hasubiri. Lenzi ya mkononi ya kukuza mara kumi na kipande cha karatasi nyeusi chini ya bakuli vinatosha.

Lile jaribio la joto nililoahidi, la kuona mayai yanakaa muda gani katika kila kituo cha usingizi, pale ukuaji ndani ya yai unaposimama, kati ya vile vitatu alivyovieleza mwanabiolojia Wourms mwaka 1972, nimeliweka kando. Siwezi kuliendea wakati kibofu hiki kimenikamata hivi. Kongwe kati ya samaki wenye mapezi ya miale, kama Polypterus wa Ziwa Tanganyika, mpaka leo wanapanda juu kuvuta hewa kwa mapafu, na hawa wangu wanapanda ili kuanza tu maisha. Nataka nione saa hasa ambayo mlango unafungwa.

Mayai ya jike mmoja nimeyagawa mabakuli mawili. Yote yatalowa pamoja. Moja nitalivuta utando mara moja, jingine nitalichelewesha saa kadhaa. Kesho natia maji.