Pai Iliyoingia Mkebeni

Mabegi mawili ya kaka yalikuwa yamekwisha kufungwa na kusimamishwa kando ya mlango. Alikuwa aondoke saa kumi alfajiri kwenda masomoni nchi ya mbali, na kutwa nzima Mama alishinda jikoni akimpikia kila alichowahi kukipenda. Kila kitu isipokuwa kimoja. Siku ya kuzaliwa ya kaka, tangu nipate akili, haikuwa na keki. Ilikuwa na pai ya matufaha. Mama aliioka kwenye sahani yake ya kina, ganda chini na ganda juu, na kaka hakuwahi kusubiri ipoe. Alikata kipande cha kwanza ikiwa bado inafuka mvuke, rojo ya sukari na mdalasini ikimchuruzika vidoleni, akiungua huku anacheka.

Mara hii siku yake ilikuwa bado wiki tatu. Nilikuwa nafuta vyombo nilipomsikia akimwambia Mama, kwa sauti ya mtu anayetaka jambo lionekane dogo, "Pai ya mwaka huu ndiyo basi tena."

Mama hakugeuka. "Pai haisafiri, baba. Hata nikikufungia, utafika nayo imekuwa uji."

Nilikuwa na miaka 19 na sikuwa nimempatia kaka zawadi yoyote. Wiki nzima nilikuwa nimetafuta, na kila nilichokishika kilionekana kitu tu, kitu ambacho mtu yeyote angeweza kumpa. Maneno ya Mama yakanikaa. Ni kweli pai haisafiri, lakini biskuti husafiri. Ukizipanga vizuri mkebeni zitapanda ndege mbili na kushuka zikiwa nzima. Nikajiuliza kaka anapenda nini hasa: pai yenyewe, au ile ladha iliyojificha ndani yake? Kama ni ladha, niliona kuna njia.

Ilikuwa saa mbili usiku. Ndani ya friji kulikuwa na matufaha sita ya kijani, yale yaitwayo Granny Smith, ambayo Mama hakukubali kutumia mengine kwa pai. Ni magumu, yana ukali, na yakipikwa hayavurugiki haraka. Tunda hili lina habari yake ninayoipenda. Mti wake wa kwanza ulijiotea tu huko Australia, katika shamba la mama mmoja aitwaye Maria Ann Smith, ukajulikana mwaka 1868, naye akiwa anakaribia miaka 70. Alifariki miaka miwili baadaye. Hakuwahi kujua kwamba lile tunda la uani kwake lingebeba jina lake dunia nzima.

Trei ya kwanza niliitengeneza kwa haraka na kwa imani kubwa. Nilipiga siagi na sukari, nikatia yai, nikatia unga wa ngano, mdalasini na bekingi soda, kisha nikakatakata matufaha matatu mabichi na kuyachanganya humo humo. Nilifikiri hivi: pai ni tufaha, mdalasini na ganda la siagi. Vyote hivyo ninavyo. Nikachota madonge, nikayapanga, nikafunga oveni.

Yaliyotoka hayakuwa biskuti. Yalikuwa vitu vilivyovimba kama sifongo, vyeupe kwa juu, na kila kipande cha tufaha kilikuwa kimezungukwa na kidimbwi cha unga usioiva. Nilipoinua kimoja, chini yake karatasi ilikuwa imelowa. Ladha ya mdalasini ilikuwepo, lakini kwa mbali, kama imesimama chumba cha pili. Matufaha nayo hayakuwa na ladha ya pai hata kidogo. Yalikuwa matufaha ya moto, basi.

Mama aliingia bila kusema kitu. Alibonyeza biskuti moja kwa kidole, ikabonyea na kubaki hivyo. Nikadhani ataniambia nikalale.

"Tufaha ni maji, mwanangu," alisema. "Kwenye pai maji yana pa kukaa. Sahani ina kina, rojo inashikwa na unga, na mvuke natobolea matundu juu utoke. Hapa umeyapa kikaango? Umeyapa tundu? Umeyatupia ndani ya donge yakahangaike yenyewe."

Niliyasoma baadaye mambo haya, na ni kama alivyosema: tufaha bichi karibu asilimia 85 ya uzito wake ni maji. Ndani ya biskuti, maji hayo hugeuka mvuke, yakaliumua donge na kulinyima nafasi ya kukauka na kupata rangi. Lakini usiku ule sikuwa na kitabu. Nilikuwa na matufaha matatu yaliyobaki, na Mama aliyevuta kiti, akachukua kisu na kuanza kumenya.

Alimenya kwa namna yake ya siku zote, ganda likitoka utepe mmoja mrefu bila kukatika. Mimi nilikata. Aliniambia nikate vipande vidogo kama punje za dengu zilizoloweshwa, maana kipande kikubwa hukauka nje na kubaki kibichi katikati. Nilivinyunyizia maji ya limau, kwanza ili visiwe vyeusi, na pia kwa sababu, alivyosema Mama, sukari bila ukali huchosha ulimi kabla mtu hajamaliza biskuti ya pili.

Halafu kikaango. Hapa ndipo nilipojifunza kile ninachokishika hadi leo, na nitakieleza taratibu.

Niliyeyusha kijiko kikubwa cha siagi kwa moto wa wastani. Kabla ya matufaha, Mama akanionyesha nitie viungo kwenye siagi: mdalasini vijiko viwili vya chai, karafuu iliyosagwa kiasi cha kushika kwa ncha ya vidole, na kungumanga niliyoikwaruza hapo hapo juu ya kikaango. Kungumanga ni ya kuogopa. Ikizidi kidogo, chakula chote huwa na ladha ya dawa. Harufu ya mdalasini hukaa katika mafuta kuliko katika maji, kwa hiyo ule uliokuwa umesimama chumba cha pili sasa uliingia jikoni wote. Siagi iligeuka rangi ya udongo mwekundu na kuanza kutoa povu. Hapo nikamwaga matufaha, vijiko vitatu vya sukari ya kahawia na chembe za chumvi.

Kwa dakika tano za mwanzo yalitoa maji mengi kiasi kwamba niliona nimeharibu tena. Vipande vilikuwa vinaogelea. Nikataka kumwaga yale maji, nimalize. Mama akanishika mkono.

"Ladha ya pai ndiyo hiyo unayotaka kuimwaga. Acha ikauke. Sikiliza."

Nikasikiliza. Kikaango kilikuwa kinatokota, ile sauti pana na laini ya maji yanayochemka. Niliendelea kugeuza kwa mwiko. Maji yakapungua, yakawa mazito, vipovu vikawa vikubwa na vivivu. Kisha, kama dakika ya kumi na tano hivi, sauti ikabadilika. Badala ya kutokota, kikaango kikaanza kutatarika, sauti kavu na ya juu, kama ya kitu kinachokaangwa. Maji yalikuwa yamekwisha, ikabaki siagi na sukari vikifanya kazi juu ya tunda. Nilipovuta mwiko katikati, njia ilibaki wazi nyuma yake, haikufunikwa na maji. Vipande vilikuwa vimesinyaa hadi nusu ya ukubwa wake, vinang'aa, rangi ya kaharabu kwenye kingo.

Nikaonja kimoja. Nilifumba macho bila kukusudia. Ilikuwa ni ile rojo iliyomchuruzika kaka vidoleni miaka yote, ila sasa imekazwa yote ndani ya kitu cha ukubwa wa punje. Mama aliniangalia, akaitikia kwa kichwa mara moja, akarudi kwenye kiti chake.

Donge la pili tulilifanya kwa tahadhari. Unga gramu 250, siagi gramu 150, sukari ya kahawia gramu 150, nusu kijiko cha chai cha bekingi soda, chumvi. Yai nilitia kiini peke yake, maana ute nao ni maji, na usiku huo tulikuwa tumekwisha kugombana na maji vya kutosha. Matufaha yaliyopoa kabisa niliyachanganya mwisho, kwa mkono, polepole. Yangekuwa ya moto yangeyeyusha siagi na biskuti zingetandaa kwenye trei kama chapati. Kisha donge lote likaingia friji muda wa saa moja ili siagi igande tena.

Katika saa hiyo ya kungoja ndipo nilipokumbuka kwamba bado kuna kitu kimepungua. Ganda. Kaka alilipenda ganda la pai kuliko mtu yeyote nyumbani, lile la juu linalovunjika likidondosha chenga mezani. Biskuti laini yenye tufaha isingekuwa na sauti ile. Nikachukua siagi baridi, unga na sukari, nikavifikicha kwa ncha za vidole mpaka vikawa chenga, nyingine ndogo kama mchanga, nyingine kubwa kama maharage. Sikuzisawazisha. Zile kubwa ndizo hutoa mlio mdomoni. Kila donge nililoviringisha nililibonyeza juu ya chenga hizo upande mmoja, kisha nikalipanga treini chenga zikitazama juu.

Oveni nyuzi 180, dakika 13. Trei mbili, biskuti 22. Safari hii hazikuvimba wala hazikutandaa. Kingo zilishika rangi kwanza, katikati pakabaki pamelegea, na Mama akanizuia nisizirudishe. "Zikitoka zikiwa zimekauka, zikipoa zitakuwa mbao. Ziache kwenye trei, moto uliobaki utazimalizia." Ikawa hivyo. Baada ya dakika kumi niliweza kuinua moja bila kukunjika. Nilipoivunja katikati, chenga zilidondoka mezani.

Kaka alikuwa amelala. Nilishangaa harufu ile haikumwamsha, maana ilikuwa imejaa hadi ukumbini. Tulizisubiri mpaka zikapoa kabisa, kwani biskuti yenye joto ikifungiwa hutoa jasho mkebeni, tukazipanga tabaka kwa tabaka, kila tabaka likitenganishwa na karatasi. Mkebe ulipokea 20. Mbili zilizobaki tulikula mimi na Mama, saa sita za usiku, tumesimama. Mama alikula yake kwa midomo midogo, akakusanya chenga kiganjani akazila nazo. Kisha akafungua zipu ya begi la mkononi la kaka na kuutia mkebe chini ya sweta. Nikaandika kikaratasi: "Zina tunda ndani. Zimalize kabla ya siku nne."

Alfajiri ilipita kama zinavyopita alfajiri za namna hiyo. Watu walikuwa wengi, gari lilikuwa linanguruma nje, na kaka alinikumbatia akiwa na begi lile begani bila kujua amebeba nini.

Alipiga simu siku ya tatu. Alizungumza na Mama kwanza, kuhusu chumba, baridi na nguo, kisha akasema anitaka mimi.

"Umezifungua?" nikamuuliza kabla ya salamu.

"Nilizifungua ndani ya ndege ya pili. Mdogo wangu, niliona mkebe nikadhani ni dawa za Mama." Akanyamaza kidogo. "Lakini nikwambie kitu. Zimelainika."

Moyo ukanishuka. Nilijua sababu papo hapo. Matufaha, hata baada ya kukaushwa vile, bado yana unyevu wake, na ndani ya mkebe uliofungwa unyevu huo huhamia kwenye biskuti yenyewe. Nikaanza kumweleza kwamba zilipotoka zilikuwa na mlio, kwamba ningetakiwa kuziacha kidogo zaidi ovenini, kwamba chenga za juu zilikuwa kavu kabisa.

"Ngoja, ngoja," akasema. "Unalikumbuka ganda la chini? La siku ya pili?"

Nilikumbuka. Kesho yake baada ya kila siku ya kuzaliwa, kaka aliamka kabla yetu, akafungua friji na kula pai iliyobaki kwa kuanzia chini, ganda lililolala usiku kucha ndani ya rojo, laini, limenyonya sukari na mdalasini wote. Mama akiamka hukuta sehemu ya juu imesimama peke yake kama paa lisilo na nyumba. Tulimgombeza miaka yote kwa jambo hilo.

"Ndizo zilivyo leo," alisema. "Juzi zilikuwa ganda la juu. Leo ni la chini."

Mama alikuwa amesimama karibu, sikio lake likikaribia langu. Nilimuuliza kaka zimebaki ngapi. Akasema mbili, na kwamba alikuwa anaziweka kwa ajili ya siku yake ya kuzaliwa.

"Hazitafika," nikamwambia. "Zina tunda, zitaota ukungu. Uzile leo."

"Zote mbili?"

"Zote mbili. Sasa hivi, na sisi tupo."

Nikasikia mkebe ukifunguliwa, kile kifuniko cha bati kikigonga meza. Kisha karatasi. Kisha hakuna aliyesema neno, kaka upande ule, mimi na Mama upande huu na simu katikati yetu, tukimsikiliza anavyotafuna.