Shingo ya Ami

Nilimkuta Ami barazani kwao Mkomani, mjini Lamu. Kikombe cha kahawa kimemponyoka, mkono wa kulia umelegea, mdomo umekwenda upande, na kila akitaka kusema hatoki neno. Nikatazama saa na kuiandika kiganjani. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ina saa 4 na nusu tu tangu dalili zianze, tena mpaka skani ioneshe kichwani hakukuvuja damu. Nikampima sukari, kwa sababu ikishuka sana nayo huleta sura hiyo hiyo. Ilikuwa sawa.

Machela haijafika, mkono ukainuka na ulimi ukafunguka.

"Nimepoa, mwanangu. Ni uchovu tu."

Nyumba nzima ikamshukuru Mungu. Mimi ndipo hofu iliponizidi: kiharusi cha kupita mara nyingine hufuatwa na kile kikubwa, na saa 48 za mwanzo ndizo mbaya zaidi.

Nikampapasa shingo. Chini ya taya ngozi ilikuwa ngumu, haifinyiki, na ndevu hazioti. Miaka mingi nyuma Ami alitibiwa saratani ya nyuma ya pua: mionzi siku 5 kwa wiki, karibu wiki 7, jumla kama grei 70 (grei ni kipimo cha mionzi). Saratani iliisha, na nyumbani habari yake ikaisha nayo. Lakini mionzi ile ilipita pia kwenye mishipa mikubwa ya shingo inayopeleka damu kichwani. Iliunguza utando wake wa ndani na vimishipa vidogo vinavyolisha ukuta wake. Ukuta hukakamaa polepole, mafuta hushika, njia ikawa nyembamba; madhara huja baada ya miaka. Nikaweka stethoskopu upande wa kushoto, unaolisha sehemu ya ubongo inayoendesha mkono wa kulia na, kwa watu wengi, usemi. Nikasikia mvumo kila moyo ukipiga.

Kijana wake alikuja na aspirini na maji. Nikamzuia. Skani bado, na koo lililopigwa mionzi humeza kwa shida. Mgonjwa wa kiharusi hanyweshwi kitu kabla ya kupimwa kumeza.

"Ami, shikamoo zangu zote, lakini leo twavuka."

Tukampeleka gatini, boti mpaka Mokowe, kisha barabara ya Witu na Garsen. Kwenye barua niliandika saa ya dalili, presha, na kwa herufi kubwa: SHINGO ILIPIGWA MIONZI. Bila mstari huo angetibiwa presha akarudishwa. Ultrasaundi ya shingo ilipimwa pande zote mbili kuanzia chini kabisa, maana wembamba wa mshipa unaoletwa na mionzi huwa mrefu na hushuka chini kuliko ule wa kawaida. Kushoto njia ilikuwa imeziba zaidi ya asilimia 70.

Madaktari hawakutaka kupasua shingo yenye makovu, kidonda huchelewa kupona. Waliingiza kijibomba cha wavu cha kuiweka njia wazi, kupitia mshipa wa paja, wakampa aspirini na klopidogreli za kuzuia damu isigande, na statini ya kushusha mafuta ya damu. Kwa kuwa mshipa wa mionzi huweza kuziba tena ndani ya wavu, ultrasaundi hurudiwa, na nakala ya barua ya mionzi sasa hukaa pamoja na kitambulisho chake.