Chaja ya diski ya baba mdogo

Mama mdogo amenikabidhi hadidiski ya nje ya marehemu baba mdogo, na pamoja nayo kiroba kilichojaa chaja. "Moja kati ya hizo ndiyo yake, mwanangu," aliniambia. "Mimi sizijui. Aliyekuwa akizijua ni mwenyewe." Nimerudi nayo Dar, na tangu siku hiyo akili yangu haikuwa na kazi nyingine.

Baba mdogo alikuwa mpiga video wa Tanga. Ngamiani, Makorora, Chumbageni, kote huko alikuwa akiitwa: harusi, maulidi, hitima, watoto wakihitimu madrasa. Alianza enzi za kamera za kanda, na alipoona kanda zinaanza kuliwa na ukungu akakaa miezi kuzihamishia kwenye diski hii, kanda moja baada ya nyingine. Watu wengi waliomo humo wameshatangulia. Bibi yangu mzaa baba yumo, anaongea, na mimi sina mahali pengine popote penye sauti yake. Kwa hiyo suala la chaja ipi ichomekwe sikuweza kulichukulia kwa kubahatisha.

Binamu yangu alikuwa ameshaikatia tamaa. Aliichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB peke yake, haikuwaka hata taa, akasema imekufa. Haikuwa imekufa. Hizi ni zile diski kubwa za kukaa mezani, za inchi 3.5, na mota yake inataka volti 12. Zile ndogo za inchi 2.5 tunazotembea nazo mkobani zinatosheka na volti 5 zinazopita kwenye waya wa USB, ndiyo maana watu wamezoea kuchomeka na kuendelea na kazi. USB 2.0 hutoa wati 2.5 tu, ya 3.0 inafika 4.5. Kwa diski ya mezani huo ni umeme usiotosha hata kuitikisa. Nimesikitika kufikiria ni diski ngapi za watu zimetupwa jalalani kwa sababu chaja ilipotea na hakuna aliyewaambia hili.

Nilizimwaga chaja zote mezani, nikavaa miwani, nikawasha tochi ya simu, nikaanza kusoma lebo. Ya kompyuta mpakato: volti 19, ampea 3.42. Ya ruta: volti 9, ampea 0.6. Ya kinanda cha Casio alichokuwa akikipiga mwenyewe usiku: volti 9, na mchoro wake unaonyesha hasi iko katikati, chanya nje. Ya king'amuzi: volti 12, lakini ampea 1. Nyingine lebo imefutika kabisa. Ya diski haikuwemo. Na karibu zote hizo, pini yake inaingia kwenye tundu la diski bila shida.

Hapo ndipo penye hatari. Ile pini ya duara yenye upana wa milimita 5.5 inatumiwa na kila kiwanda kwa volti inazotaka. Tundu linapokea tu, halikatai. Halafu chaja nyingi za diski hutengenezwa na viwanda vingine kabisa, kwa hiyo lebo inabeba jina na namba ya kiwanda hicho, wala hukuti popote neno la kukujulisha kwamba hii ni ya diski ile. Kwangu mimi huo ni uzembe mkubwa. Jina la kifaa lingechapishwa kwenye chaja, wajane na yatima wengi wangepata kumbukumbu zao.

Kwenye diski yenyewe, karibu na tundu, pameandikwa 12V, na kando yake kuna mchoro mdogo: nukta katikati, kijiduara kilichoachwa wazi kikiizunguka, upande mmoja alama ya kujumlisha na mwingine ya kutoa. Nukta imeunganishwa na ya kujumlisha, maana yake chanya iko katikati. Kwa hiyo chaja ya kinanda ilitoka kwenye hesabu mara mbili, kwa volti na kwa mwelekeo. Volti lazima zilingane sawasawa. Ampea zinaweza kuzidi, hazitakiwi kupungua, kwa sababu kifaa ndicho kinachovuta kiasi kinachohitaji. Sufuria kubwa ya pilau haimlazimishi mgeni kula kupita shibe yake.

Na hizo ampea zina mtego. Lebo za diski zenyewe mara nyingi huonyesha chini ya ampea 1 kwenye njia ya volti 12, lakini hicho ni kipimo cha diski ambayo tayari inazunguka. Kuitoa mota kwenye kusimama hadi mizunguko 5400 au 7200 kwa dakika kunaweza kuvuta karibu ampea 2 kwa sekunde chache. Chaja ikiwa dhaifu, volti zinaporomoka pale pale, diski inazima, inajaribu tena, inazima. Mtu anasikia tik, tik, anadhani diski ni mbovu, kumbe inanyimwa umeme. Ndiyo maana ya king'amuzi nayo niliiweka pembeni, ijapokuwa volti zake zilikuwa sahihi.

Nilimtafuta fundi wa Kariakoo anayefufua diski. Nilimuuliza kwanza kuhusu ile ya volti 19, maana nilitaka kujua ingekuwaje mtu angeichomeka. Akanionyesha bodi ya diski nyingine aliyokuwa ameifungua, vijidude viwili vyeusi karibu na njia ya umeme. Ni diodi za ulinzi, zinaitwa TVS, moja ya njia ya volti 12, nyingine ya volti 5. Umeme ukizidi, diodi inaungua na kupiga shoti ili iliyobaki isalimike. Diski inakaa kimya kabisa, lakini mara nyingi ukiiondoa diodi hiyo na kuleta chaja sahihi, inaamka. Umeme ukiwa umeshapita na kuunguza bodi, kazi inakuwa nzito. Huwezi kuchukua bodi ya diski ya aina ile ile ukaifunga hivi hivi, kwa kuwa kila diski ina chipu yenye taarifa zake peke yake tangu kiwandani, nayo lazima ihamishwe. Alieleza yote hayo taratibu, bila kunidharau, na ninamshukuru.

Nikamuuliza kama tusiifungue tu, tuitoe diski kwenye sanduku lake tuichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta ya mezani. Akaigeuza, akasoma jina, akatikisa kichwa. Ni My Book ya Western Digital, na matoleo mengi ya My Book husimba data, yaani huzifunga zisisomeke bila ufunguo wake, kwenye bodi ndogo iliyomo ndani ya sanduku, hata kama mwenye mali hakuwahi kuweka nywila. Ukiitenga diski na bodi hiyo unaona fujo tupu. "Dada, kilichokosekana hapa ni chaja tu," akasema. "Usiipasue."

Kwenye maduka ya simu nilichoka. Kila nilipoonyesha picha ya tundu, muuzaji alivuta chaja kutoka kwenye rundo: "Chukua hii dada, inaingia." Nilipoomba kusoma lebo kwanza, mmoja aliniambia zote ni sawa. Si sawa. Nawaelewa, wana haraka na wateja wamejaa, lakini neno hilo "inaingia" limeua vifaa vingi mno mjini hapa.

Mahali pa kwenda, kwa yeyote mwenye shida kama yangu, ni kwenye maduka ya kamera za ulinzi. Kamera hizo nyingi hutumia volti 12, chanya katikati, na pini yake ni milimita 5.5 kwa nje na 2.1 kwa ndani, ambayo ndiyo ya diski hii. Huko chaja za ampea 2 zimepangwa rafuni na muuzaji anajua anachouza. Hiyo 2.1 nayo muiangalie. Kuna pini zinazofanana kabisa kwa nje lakini tundu lake la ndani ni 2.5. Hiyo inaingia pia, ila inacheza, na diski iliyo katikati ya kuandika haitakiwi kupoteza umeme hata kwa nukta moja.

Nilinunua mbili za aina tofauti nikazirudisha kwa yule fundi tuzipime. Bila mzigo, yaani bila kitu chochote kuvuta umeme wake, mita ilionyesha volti 12 na pointi kidogo kwa zote mbili, na kama tungeishia hapo nisingejua tofauti. Yeye akaleta balbu ya breki ya gari, ya wati 21, ambayo kwa volti 12 inavuta ampea 1.75 hivi. Ya kwanza, ile ya bei ya chini, ikashuka chini ya volti 9, balbu ikawa nyekundu badala ya nyeupe. Lebo yake inasema ampea 2 kwa herufi kubwa. Ya pili ikabaki 11.9. Tuliiacha balbu iwake huku tukinywa kahawa, kisha nikaishika: ina joto la kawaida, haichomi. Hiyo ndiyo niliyoondoka nayo, shilingi elfu kumi na nane.

Nyumbani niliiweka diski mezani mahali pasipotikisika, nikachomeka chaja kwenye UPS, lile sanduku la betri linaloshikilia umeme ukikatika, niliyoazima ofisini, nikaunganisha USB. Taa ikawaka. Mota ikaanza kupanda mlio pole pole, hadi ukatulia. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti.

Kuna gigabaiti 600 hivi humo. Saa moja ya kanda ya DV, yaani ya video ya kidijitali, hula gigabaiti 13, kwa hiyo ni zaidi ya saa arobaini za maisha ya watu wa Tanga. Baba mdogo alipanga mafolda kwa mtaa na mwaka, jina la bibi harusi mwishoni, kwa mpangilio ambao nisingeutarajia kwa mtu aliyekuwa akihifadhi chaja zake kwenye kiroba. Bibi nilimkuta Makorora, kwenye jiko la shughuli, ameshika mwiko. "We mtoto, hiyo kamera yako mpelekee bibi harusi," anamwambia mwanawe. "Mimi unanitafutia nini?" Halafu anacheka, na baba mdogo nyuma ya kamera anacheka naye.

Nimempigia mama mdogo, nikamwamkia, nikamwekea simu kwenye spika asikie. Akataka nirudie. Akaniuliza kama harusi yake mwenyewe imo, na imo.

Kwa USB 2.0 ninapata megabaiti 30 kwa sekunde, kwa hiyo nakala nzima inachukua saa tano na kitu. Ya kwanza imekamilika leo mchana. Chaja nimeibandika plasta yenye maandishi ya kalamu ya kudumu: My Book, 12V, 2A, chanya katikati. Kesho naanza nakala ya pili, maana binamu zangu wa Muheza wameshasikia na wanataka yao.